Nikinyamaza, Mto ni Wako

Nyumba ya Milango, Bwawani
4 Septemba

Jirani wa Chini,

Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako na juu ya mchanga wako. Nimeanza kwa salamu za kizamani makusudi, usije ukasema tena kwamba sisi watu wa juu hatuna adabu, tunakaa mlimani tunawamwagia wenzetu maji tuliyokwisha kuoga.

Habari yenyewe ndiyo hii. Milango yote ya bwawa imefungwa, na sitaigusa mpaka mvua zianze. Kinachotiririka ni kile kibomba cha pembeni tu, nacho hakizamishi hata kuku. Kwa hiyo waambie vijana wako waingie mtoni wauchimbe mdomo wa bomba lenu kwa raha zao, mji wenu upate maji safi. Mapatano yetu ni yale yale ya miaka yote: nikiwa na neno, nitakuandikia kabla sijashika usukani wa mlango. Nikinyamaza, mto ni wako.

Dereva wa lori la saruji amenipa habari za mkate niliokutumia. Anasema aliupokea mdogo wako, yule mnayemwita Kijiko, na ulipofika mezani kwako ulikuwa umebaki karatasi. Mwambie mtani wangu huyo kwamba mtu anayechimba kama mtambo ana ruhusa ya kula kama mtambo, ila ale vya kwake.

Juzi nilipata wageni. Ni wajumbe wa ule mpango wa nchi zetu mbili wa kuusimamia mto kwa pamoja, wakiwa na wataalamu wa mashirika ya dunia, kofia mpya vichwani, viatu havijawahi kuona tope. Wakauliza: wewe uko nchi hii, mwenye pampu yuko nchi ile, bonde halina mtandao, simu yako ya mezani inapiga makao makuu tu, na king'ora chako hakivuki daraja la kwanza. Mnaambianaje? Nikawajibu: kwa dereva wa saruji. Wakacheka sana, kisha wakaacha kucheka wakaanza kuandika.

Wanakuja kwako. Fagia ofisi.

Mke wangu anakusalimu.

Jirani wa Juu

*

Kituo cha Pampu
12 Septemba

Jirani wa Juu,

Salamu zako nimezipokea, nusu nimemrudishia dereva kwa sababu zimejaa kiburi.

Wageni wako walifika. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuona watu wanaokunywa chai namna ile. Waliangalia pampu, wakaangalia matangi, wakashuka mpaka mtoni kumwangalia Kijiko na wenzake wakitoa mchanga kwa makoleo na karai. Kijiko akaona ana watazamaji, basi akaimba, na kila akiimba mchanga unaruka mpaka kwenye suruali za wataalamu. Mzee mmoja wao alimpiga picha. Tangu siku ile mdogo wangu hakaliki naye, anatembea kama waziri.

Wakaomba barua zako. Nilizitafuta zote nikawapa wanakili, baada ya kufuta kwa kalamu pale ulipoutukana upishi wangu. Walizisoma pale pale wamesimama. Mama mmoja mwenye miwani akasema huu ndio ushirikiano wanaouzungumza kwenye mikutano mikubwa bila kuuona, na kwamba watauweka kwenye mkataba ili usitegemee watu wawili tu. Nilifurahi, jirani. Nakwambia kweli, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Maana sijasahau mwaka ule lori lilipopasuka tairi njiani na barua yako ikalala porini. Mto uliwafikia vijana kiunoni. Walitoka, lakini makoleo yote yalikwenda, na Kijiko alitapika maji mbele yangu. Huyu ndiye mdogo wetu wa mwisho, mama alimwacha hajaota meno, nimemlea mimi. Utani wetu naupenda, lakini maisha ya watu hayafai kuning'inia kwenye tairi la gari.

Kwa hiyo nauombea mkataba huo, na wewe uuombee.

Jirani wa Chini

*

Nyumba ya Milango
20 Februari

Jirani wa Chini,

Nasikia mkataba unatiwa sahihi mwezi ujao kwenye ukumbi mkubwa, na kwamba wewe umealikwa. Hongera. Mimi sikualikwa, atakwenda mkuu wangu, kwa hiyo nitawakilishwa na tumbo lake. Mtu atabaki na milango.

Nenda ukatuonee. Vaa vizuri, maana watasema ndio watu wa chini hao. Halafu uniandikie kila kitu, hata rangi ya viti.

Nilitamani tuonane huko. Miaka yote hii na sijui hata kama u mrefu au mfupi.

Jirani wa Juu

*

Kituo cha Pampu
15 Machi

Jirani wa Juu,

Viti vilikuwa vya buluu. Mimi si mrefu wala si mfupi, na mkuu wako alilala hotuba ya tatu yote.

Sasa sikiliza. Kila meza ilikuwa na maji ya chupa yaliyotoka mbali, hakuna aliyekunywa maji ya mto wetu. Nilicheka peke yangu, jirani yangu wa kiti akanitazama. Lakini yaliyosomwa yalinitoa machozi. Wamekubaliana kwamba nchi ya juu haitafungua milango bila kuipa taarifa nchi ya chini, tena siku nyingi kabla. Wamekubaliana kwamba wakati wa kiangazi mtatuachia maji kidogo ya kuuhuisha mto, samaki wasife, na visima vya pembeni visikauke, kwa tarehe itakayotangazwa. Kiangazi, jirani! Maji ambayo tumeyaomba tangu baba zetu. Wamefungua ofisi ya pamoja, inaitwa Sekretarieti, ya kushughulikia hayo yote. Wanasema mataifa mengine yatakuja kujifunza kwetu.

Yule mama mwenye miwani alinitaja kwenye hotuba. Siyo kwa jina, alisema "watumishi wawili wa pande mbili za mto". Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Baadaye nilimuuliza kama yale maneno yako ya nikinyamaza mto ni wako yameingia. Akasema waliyajadili wakayaondoa, hayakuwa na lugha ya mkataba. Sikujali. Mambo yenyewe yapo.

Kijiko anauliza kama mkataba una kifungu cha mikate.

Jirani wa Chini

*

Kituo cha Pampu
2 Septemba

Jirani wa Juu,

Umekuwa bubu? Tangu mwezi wa sita sijaona hata mstari. Dereva anasema siku hizi getini kwenu kuna mlinzi mpya anayepokea kila kitu na wala hamruhusu kushuka kwenye gari. Mmekuwa wakubwa tangu mkataba. Nimeshaelewa, umepandishwa cheo, unaona tabu kuandikiana na watu wa chini.

Kwa upande wangu kimya chako kimenipa nafasi. Mchanga umeziba mdomo wa bomba kuliko mwaka wowote. Mji unakunywa matope, akina mama wanakuja na ndoo wananiwekea mlangoni nione mwenyewe. Sekretarieti wameleta waraka kwamba kabla ya kuingiza watu mtoni niombe kibali. Nimeomba tangu Julai. Wamenijibu kwamba ombi limepokelewa, kisha wakanijibu tena kwamba limepokelewa.

Siwezi kuwangoja. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Najua yale maji ya kiangazi mliyoahidi yako njiani siku moja, lakini tarehe haijatangazwa, na wewe ungeniandikia. Hujaandika, basi mto ni wetu. Nitawaingiza vijana katikati ya mwezi, kama siku zote.

Kijiko amenenepa. Anasema ni mawazo.

Andika, bwana. Hata matusi.

Jirani wa Chini

*

Kituo cha Pampu
23 Septemba

Umefungua.

Maji yalikuja asubuhi vijana wakiwa chini kabisa, kwenye shimo la mdomo wa bomba. Tuliwavuta kwa kamba. Kijiko alikuwa wa mwisho kwa sababu alikuwa anawasukuma wenzake. Hatujampata. Tunatafuta pande zote mbili.

Kwa nini hukuniandikia?

*

SEKRETARIETI YA PAMOJA YA MTO
10 Septemba

(Umegongwa muhuri: Imepokelewa Kituo cha Pampu, 30 Septemba)

Kwa Msimamizi wa Kituo,

Yahusu: Uachiaji wa kwanza wa maji ya kuuhuisha mto

Kwa heshima unaarifiwa kwamba, katika kutekeleza ahadi za nchi wanachama, milango ya bwawa itafunguliwa tarehe 22 Septemba alasiri, mbele ya wageni waalikwa. Maji yanatarajiwa kufika katika eneo lako asubuhi ya siku inayofuata. Unaombwa kuhakikisha kwamba hakuna mtu wala chombo ndani ya mto, na kuuarifu umma kuhusu faida za zoezi hili.

Tunakushukuru kwa ushirikiano wako wa siku zote.

Ofisa wa Taarifa

*

Kituo cha Pampu
1 Oktoba

Jirani,

Barua hii nimemwapisha dereva akupe mkononi, nyumbani kwako, siyo getini. Asipokukuta ataondoka nayo.

Tulimpata Kijiko siku ya nne, mbali sana, kwenye mashamba ya watu. Tumemzika. Sitakueleza alivyokuwa. Nilimwosha mimi.

Jana ndipo nilipoletewa taarifa ya Sekretarieti. Imetoka bwawani kwenda makao makuu yenu, ikatoka hapo kwenda wizarani kwenu, ikaenda Sekretarieti, ikatafsiriwa, ikaja wizarani kwetu, ikashuka mkoani, ikafika kwangu. Kila mahali imegongwa muhuri. Ni karatasi safi, haina hata kosa moja. Dereva wako wa saruji angenifikishia kwa siku moja, na angesimama kuninong'oneza kwamba mke wako ana mafua.

Watu wanakuja kunipa pole. Wananiambia maji yakimwagika hayazoleki. Wananiambia mimi hayo, mtu wa maji.

Na yale maji, jirani, yalikuwa yetu. Ndiyo yale niliyoyalilia ukumbini. Yamekuja kweli, samaki wanaruka, visima vya pembeni vimepanda, na huko mjini kuna watu wanaoshukuru. Nayapitia kila siku nikienda kazini, siwezi kuyatazama.

Sitaki unieleze sheria. Nina swali moja tu, nijibu hilo. Uliposhika usukani, ulinikumbuka?

Wa Chini

*

Nyumba ya Milango
8 Oktoba

Kwako Jirani,

Nimeipokea barua yako kutoka mkononi mwa dereva. Nimelia mbele yake na mbele ya watoto wangu. Pole. Pole sana. Neno dogo lakini sina jingine. Kijiko sikuwahi kumwona lakini alikuwa mtu wa nyumba hii, watoto walikuwa wananiuliza amekula nini wiki hii.

Ni haki yako kujua mambo yalivyokwenda. Mwezi wa sita nilipewa waraka uliosema kwamba tangu siku ile mtumishi yeyote wa bwawa haruhusiwi kuandikiana na mtu wa nchi ya pili juu ya maji, isipokuwa kupitia Sekretarieti. Sababu walizotoa zilikuwa nzuri: kwamba barua za mkononi hupotea, kwamba mtu mmoja akiugua habari hufa naye, kwamba huko nyuma tairi lilipasuka. Walilitaja tairi letu. Nilisaini kwamba nimeuelewa. Nilidhani na wewe umeletewa waraka huo huo, na kwamba unajua kwa nini nimenyamaza. Mlinzi wa getini naye aliagizwa kuchukua barua zote zinazotoka ng'ambo. Barua zako za Septemba nimepewa jana, zote mbili zimeshafunguliwa, zina mihuri ya makao makuu.

Taarifa ya kufungua niliiandika mapema, kama mkataba unavyotaka. Niliiandika vizuri. Nilipoituma nilifurahi, nikamwambia mke wangu safari hii hakuna tairi.

Tume ya uchunguzi ya nchi zote mbili ilifika wiki iliyopita. Wao ndio walionipa habari ya kifo, wakiwa na karatasi mkononi ya mimi kusaini. Karatasi inasema nilitoa taarifa kwa njia inayotakiwa na kwa wakati unaotakiwa, na kwamba kwa kadiri ninavyojua watu waliingia mtoni bila kibali. Nimesaini. Yote ni kweli, jirani, na nina watoto watatu.

Mungu akupe nguvu.

Jirani wa Juu

*

Kituo cha Pampu
14 Oktoba

Jirani,

Umeniandikia karatasi mbili nzima, na swali langu hukulijibu.

*

Nyumba ya Milango
21 Oktoba

Jirani,

Nilikukumbuka.

Sasa niandike yote, maana nikiacha hapo nitakuwa nimejibu nusu.

Wageni walikuwa wengi, wamesimama kwenye ukuta wa bwawa, yule mama mwenye miwani akiwemo, na watu wa kamera. Mkuu wangu alihutubia. Kisha wakaniambia nizungushe. Nilishika usukani, na kitu cha kwanza kilichoniingia kichwani ni kwamba huu ni mwezi wako wa mchanga. Sikuhitaji barua yako kulijua hilo. Kila mwaka mwezi huu vijana wako wamo mtoni, nimekuwa nikikuambia mimi mwenyewe uwaingize. Nikajiambia, karatasi imeshamfikia. Ameshawatoa. Karatasi imepita wizara mbili, haiwezi kukosa kufika. Nikazungusha. Wakapiga makofi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekosea kama mtu yeyote. Sikuishia hapo.

Maji yale hutembea usiku kucha kabla ya kufika kwako, wewe unajua. Na lori la saruji lilikuwa limeegeshwa kwenye yadi yetu jioni ile, dereva amelala kwenye benchi la jikoni kwangu kwa sababu geti lilifungwa kwa ajili ya wageni naye akiwa ndani, na usiku ule tu mlinzi alimruhusu kushuka kwenye gari. Nilimwangalia. Lori linakwenda haraka kuliko mto. Ningemwamsha, ningemwambia kwa mdomo tu bila kuandika neno, nenda kamwambie jirani maji yanakuja, uhakikishe kwamba anajua. Mpakani wanamfahamu, wangemfungulia. Angefika kabla hujavaa viatu.

Lakini mlinzi angeuliza gari linakwenda wapi na wageni wamelala ndani. Na waraka nilikuwa nimeusaini. Na mkuu alikuwa ameniambia mchana, mbele ya watu, kwamba mimi ndiye niliyefundisha dunia namna ya kutoa taarifa. Nilisimama pale jikoni, chai ikapoa. Nikajiambia karatasi imefika, nisijifanye najua kuliko nchi mbili. Nikaenda kulala. Nililala vizuri, hilo ndilo baya kuliko yote.

Dereva hajui. Akijua kwamba nilimwangalia nikamwacha alale, sidhani kama atapita tena kwangu. Mke wangu nimemwambia jana. Amehamia chumba cha watoto.

Sikuombi msamaha, sijui ningeuombea wapi. Umeuliza, nimejibu.

*

Kituo cha Pampu
30 Oktoba

Jirani,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mara ya kwanza niliitupa kwenye ndoo ya takataka, nikaenda kuitoa.

Nimejitahidi kukuchukia. Usidhani ni kazi ndogo. Tatizo ni kwamba mtu ninayemchukia hana uso, sijawahi kukuona, kwa hiyo mchana namchukia mtu mwenye tumbo la mkuu wako, na jioni naikuta chuki yote imenirudia mimi. Kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia shukeni. Kijiko aliniuliza, "Dada, wa juu kasemaje?" Nikamjibu hajasema kitu. Akacheka akashuka. Alishuka kwa neno langu, siyo lako, na hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Kuna na lingine sikukueleza. Ukumbini niliyasikia maji ya kiangazi kwa masikio yangu. Nilijua kuna siku yatakuja, na siku hiyo siijui, na nikaingiza watu. Nilikuamini wewe kuliko nilivyoliogopa bwawa. Wewe nawe ukaiamini karatasi kuliko ulivyoniogopea mimi. Tungekuwa hatuaminiani, jirani, mdogo wangu angekuwa anakula mkate wa mtu sasa hivi.

Tume wameniletea karatasi yangu. Inasema milango ilifunguliwa kabla taarifa haijanifikia. Ni kweli. Yako inasema niliingiza watu bila kibali. Ni kweli. Wakishaziweka kwenye jalada, kila nchi itakuwa na karatasi ya kuilaumu nchi nyingine, mkataba utakuwa haujavunjwa na mtu, na Kijiko atakuwa amekufa kwa ajali ya maji. Mwaka ujao watafungua tena. Hapa kwangu vijana wamekataa kushuka na siwalaumu, lakini mji unakunywa matope, na mmoja mmoja watarudi kwa sababu ya njaa.

Sikusaini. Yule bwana wa tume alinibembeleza, akasema ni utaratibu tu. Nikamwambia sitasaini peke yangu, kuna mtu wa kusaini naye.

Nakuja Alhamisi na lori. Dereva nimemwambia kila kitu, pamoja na lile benchi la jikoni. Alisimamisha gari, akashuka akaenda kusimama porini. Aliporudi alisema atanileta mpaka mlangoni kwako, na geti wakilifunga atapiga honi mpaka wafungue.

Tutakaa mezani kwako tuandike barua moja, siyo mbili, iende kwa Sekretarieti, na kwa serikali zote mbili, na kwa yule mama mwenye miwani. Tutaandika yale wasiyotuuliza. Wewe utaandika kwamba ulijua nina watu mtoni, mimi nitaandika kwamba nilijua maji yanakuja. Utaandika habari ya lori, nami nitaandika aliyoniuliza mdogo wangu na nilivyomjibu. Halafu tutaandika kwamba karatasi ipite njia yake yote na mihuri yake yote, lakini kabla mtu hajazungusha usukani asikie kwa masikio yake, kwa simu watakayotuwekea, mtu wa chini akisema, wametoka. Asiposikia, asizungushe, hata kama wageni wamejaa ukutani. Tutasaini wote wawili. Nadhani watatufukuza wote wawili.

Mwambie mke wako asinipikie, sitaweza kula kwenu. Na nikishuka kwenye gari usinipe mkono. Utanipeleka kwanza niuone usukani, kisha utanipa kalamu.

Dada yake Kijiko